Mke wa Chuma

Zulfa, mtoto wa ndugu yangu, kanipa simu:
"Shangazi, hawa waliopiga magoti ni nani?"
Mama yuko mlangoni anasuka tabaga,
macho kwenye ukili, masikio kwetu.

Nilikwenda Yiwu kununua vikombe,
katoni mia na ishirini, na ndala za watoto.
Siku moja ghala likafungwa, na mkalimani wangu,
binti aitwaye Qiaoyun, akasema: twende Hangzhou
nikakuonyeshe mtu wetu.

Mtu wetu.
Kama sisi hapa Bombo tunavyomtaja marehemu wa juzi,
kumbe jemadari huyo amelala karibu miaka mia tisa.

Treni ilikwenda bila kutikisa chai.
Tukakata tiketi, tukapita sanamu za mawe zilizojipanga
kama walinzi wasiosubiri mshahara.
Ukutani, katika picha, mama anamdunga mwanawe sindano mgongoni,
neno kwa neno: itumikie nchi.
Mwana hakulia. Akapigana. Akashinda.
Akaitwa nyumbani, akauawa nyumbani.
Sasa ni kichuguu cha duara kilichoota nyasi
na kingine kidogo pembeni, cha mwanawe.
Nilisoma Fatiha kimoyomoyo. Sikujua cha kufanya kingine.

Tulipogeuka ndipo nikawaona.
Wanne, wa chuma, nyuma ya kizuizi,
magoti chini, mikono imefungwa mgongoni.
Wanaume watatu waliomsingizia.
Wa nne ni mke wa waziri.

Kibao kinakataza kutema mate.
Mzee mwenye kofia ya utalii akatazama kushoto,
akatazama kulia, akatema.
Mjukuu wake akacheka mpaka akakwama.
"Nawe, dada," Qiaoyun akaninong'oneza, "haraka, hakuna anayeona."

Mdomo wangu ukakauka kama unga wa muhogo.

Mwaka ule mkubwa mmoja alikimbia nchi
akatuachia jina lake, tulibebe sisi,
sisi wa gurbaba na kisra, sisi wa lugha ile.
Mama alikuwa na mimba yangu.
Sokoni Wobulenzi muuza nyanya,
yule yule aliyemkopesha juzi,
alimtemea hapa, chini ya jicho.
Mama hakupangusa. Mkono huu mtoto, mkono huu mzigo.
Yalimkaukia usoni maili kumi.
Usiku wakaanza kutembea kuelekea kaskazini,
na mimi nikazaliwa ng'ambo ya mpaka
chini ya lori bovu.

Qiaoyun si mtu mbaya. Alinilipia chakula,
alinikata ulaghai wa mizani mara mbili.
Na jemadari kweli alionewa, lazima mtu apige magoti.
Wapo na kwetu ambao wana wao hawakurudi,
wangetaka chuma cha namna hii katikati ya Kampala,
wangekuja na wajukuu, na kofia,
na mimi ningewaelewa.
Ila yule mke.
Wanasema alimshauri mumewe usiku, asimwachie jemadari.
Huenda. Minong'ono ya kitandani
nani aliyekuwapo akaisikia?

Nikapiga picha, nikaondoka. Nikamwambia Qiaoyun
nina kiu.

"Kwa hiyo ni wabaya?" Zulfa anauliza.
"Wabaya," nasema. "Watatu nina hakika."

Mama kaweka tabaga chini.
Hajawahi kuniuliza habari za China,
hata bei ya vikombe.
Akaichukua simu, akaikuza picha kwa kidole
jinsi Zulfa alivyomfundisha,
akamtazama mwanamke yule muda mrefu.
"Mikono yake imefungwa," alisema.
Kisha akashika upindo wa gurbaba
akapangusa kioo, polepole, chini ya jicho.

Kilikuwa na mafuta, akasema. Huyu mtoto anakula mandazi
na kushika simu.
Nipe uzi wa bluu, mwekundu umeisha.